Mafaili Kumi na Moja Yaliyorukwa

Nimewahi kuchagua shule ya sekondari, mada ya utafiti na, kwa kipindi kifupi, mchumba. Hakuna hata uamuzi mmoja kati ya hayo ulionichukua siku tatu na jedwali la safu saba. Programu ya kupeleka mafaili kutoka kompyuta ya mezani hadi seva ya chuo ilinichukua vyote viwili, na bado nilikosea. Kuhusu mchumba, mimi niliamua kwa dakika chache na yeye akaamua kwa chache zaidi, na hadi leo tunasalimiana vizuri tukikutana.

Uangalifu wangu ulikuwa na sababu. Mapema mwaka huo jopo la watahini liliketi kunisikiliza nikiitetea tasnifu yangu, ambayo inahusu namna wakulima wazee wa Miono wanavyoyazungumzia mashamba yao, Kikwere na Kiswahili vikipokezana ndani ya sentensi moja bila kugombana. Ushahidi wa tasnifu hiyo ni rekodi arobaini na tatu za sauti, nilizokusanya kwa miezi minane ya kukalia viti vya watu na kula mihogo ya watu. Nilikuwa nimezipeleka kwenye hifadhi ya chuo kupitia ukurasa wa mtandaoni. Kando ya kila jina la faili ilitokea alama ya kijani, nami nikaiamini alama hiyo kama mtu anavyoamini muhuri wa serikali.

Mtahini mmoja aliomba tusikilize rekodi ya thelathini na mbili. Bibi mmoja akaanza kueleza jinsi anavyoutambua udongo uliochoka, akalikaribia neno ambalo sura yangu nzima ya nne imesimama juu yake, na kabla hajalitamka sauti ikakatika.

"Sehemu iliyobaki iko wapi?" mtahini akauliza, kwa upole ulioniumiza kuliko ukali.

"Ipo," nikasema.

"Ndiyo. Iko wapi?"

Kilichonitikisa si kukosa jibu. Ni kutambua, mbele ya watu watano waliovaa suti katika joto lile, kwamba nilikuwa nimepima kila kitu katika tasnifu ile isipokuwa jambo moja, yaani kama ilifika. Rekodi kadhaa zilikuwa nusu nusu. Kikao kiliahirishwa, folda yangu ikafutwa, nikapewa nafasi nyingine kwa sharti lililoandikwa kwa sentensi moja: rekodi zote ziwe katika hifadhi ya chuo, zikiwa nzima, kabla ya saa kumi jioni ya Ijumaa inayotangulia kikao kipya. Zisipokuwepo, hakuna kikao, na ningesubiri mwaka mwingine wa masomo, huku kila sikukuu nikiwaeleza ndugu na jamaa kwa nini bado nasoma.

Kwa wiki kadhaa baada ya hapo sikuweza kutuma hata picha kwa simu bila kumpigia aliyetumiwa na kumwuliza kama anaiona yote, na miguu pia.

Katika wiki ya mwisho kompyuta yangu ya kupakata ilizimika na haikuwaka tena. Nilikuwa nikiishi Zinga kwa shangazi yangu, mtu asiyependa kuona jambo dogo likipewa kiti kikubwa. Nilipomweleza shida yangu, aliendelea kuchambua mchele huku akinitazama kwa jicho moja.

"Kwani hizo sauti zina uzito gani hata zisiingie kwenye flashi ukazipeleka mwenyewe? Panda gari asubuhi, adhuhuri umerudi."

"Hawapokei flashi, shangazi. Ni lazima zipite kwenye seva, ile kompyuta ya chuo inayotunza kazi zetu."

"Kompyuta inachagua wageni?"

"Inachagua njia ya kuingilia."

"Basi ina maringo. Nenda kwa Ami wako pale mjini, ana kompyuta kubwa haina kazi kuanzia alasiri."

Ami si ndugu yangu wa damu. Ni mzee wa ukoo wa Omani, wa watu waliokuja Bagamoyo kufanya biashara wakakaa, na alisoma madrasa moja na marehemu baba yangu. Kwa sababu hiyo tangu utotoni namwita Ami, naye huniita mwanangu anapofurahi na daktari anapochoka. Ana duka la stesheneri: fotokopi, picha za pasipoti, kadi za harusi, barua za maombi ya kazi ambazo huzipunguzia sifa za mwombaji pale anapoona zimezidi. Kwenye kona ya duka ipo kompyuta ya mezani yenye skrini pana, na intaneti ya laini ya simu ambayo hukatika kila inapotaka kupumua.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia unahama."

"Nahamisha mafaili tu, Ami."

"Ndiyo hayo hayo. Chai isikae karibu na kibodi, na mteja akija unampisha."

Hiyo ilikuwa Jumatano. Wenzangu wanaoelewa kompyuta walikuwa wamenishauri nitumie skrini nyeusi na kuandika amri kwa maneno, wakasema ndiyo njia safi. Mimi nilitaka programu yenye madirisha: upande mmoja nione vilivyo kwangu, upande wa pili nione vilivyofika, na katikati nione kitu kikitembea. Mtu aliyetikisika hutaka kuona. Nilizihamishia rekodi zangu kwenye kompyuta ile kutoka kwenye rekoda, nikapakua programu tatu za aina hiyo, zote za bure, nikachora jedwali kwenye daftari na kuanza kuzipa alama kama mwalimu anayesimamia mtihani wa kuingia kidato cha kwanza.

Programu ya kwanza ilikuwa nzuri ya kutazama. Ilikuwa na rangi ya bahari, vitufe vya mviringo, na kijiboti kilichosogea kutoka kushoto kwenda kulia kadiri faili lilivyopanda. Nilipeleka faili moja la majaribio. Intaneti ikakatika katikati, na iliporudi kijiboti kikaanza safari upya kutoka kushoto, kama vile hakikuwahi kusafiri. Ikakatika tena, kikaanza tena. Kufikia alasiri faili lile moja lilikuwa limeanza mara sita na halijafika hata mara moja.

"Hii nayo umeiachia nini?" Ami aliuliza aliponiona naifuta.

"Haikumbuki ilipofikia intaneti ikikatika."

"Na mimi intaneti ikikatika sikumbuki nilipofikia. Mbona hunifuti?"

Alhamisi niliijaribu ya pili na ya tatu. Ya pili ilikuwa kimya na yenye adabu: ukiiburutia mafaili inayapokea, inayapeleka, inanyamaza. Ya tatu ilikuwa kinyume chake. Sura yake ilikuwa ya ofisi ya zamani, madirisha mawili makavu na chini yake orodha tatu, moja ya yanayosubiri, moja ya yaliyoshindikana, moja ya yaliyofaulu. Juu kabisa ilijaa maandishi madogo ikieleza kila ilichokifanya, dakika kwa dakika, hata pale ambapo hakuna aliyeiuliza. Na ilikuwa na maswali. Je, seva hii unaifahamu? Je, ufunguo wake tuukumbuke? Je, faili hili likikutwa tayari lipo, lifanywe nini, na jibu hilo litumike kwa faili hili tu au kwa yote, kwa leo tu au siku zote?

Niliipunguzia alama katika safu ya utulivu. Niliona kwamba mtu mwenye tabia ya kujiuliza maswali mengi hahitaji chombo chenye tabia hiyo hiyo. Nyumba moja haiwezi kuwa na wawili wa namna ile. Mafaili ya majaribio yalifika salama kwa programu ya pili, mchana ule intaneti ilikuwa tulivu, na jedwali likatoa mshindi kwa tofauti ya alama mbili na nusu. Nusu ile niliifikiria sana njiani kurudi Zinga.

Ijumaa asubuhi nilifika Ami alipokuwa anafungua makufuli. Saa tatu nikaipa programu ya pili rekodi zote arobaini na tatu, nikakaa nimeitazama. Intaneti ilikatika mara tatu. Kila mara programu ilinyamaza kidogo, kisha ikaendelea, kwa adabu ile ile, na muda mfupi baada ya saa nne ikatangaza kwamba kazi imekwisha bila kasoro.

Mwaka mmoja nyuma ningesimama, ningeaga, ningeondoka. Sasa nilifungua daftari na kulinganisha ukubwa wa kila faili lililoko kwangu na lililofika. Mafaili thelathini na mawili yalilingana hadi tarakimu ya mwisho. Kumi na moja hayakulingana. Kila intaneti ilipokatika, programu ile yenye adabu ilikuwa imeyaacha mafaili iliyokuwa ikiyabeba wakati huo pale yalipofikia, ikashika mengine, na haikuona haja ya kunisumbua kwa habari hiyo.

Nilihisi nimerudi mbele ya wale watu watano. Na kwa kuwa akili yangu ikiogopa haikimbii bali huongeza kazi, nikaanza kushuku kwamba pengine kasoro haiko kwenye programu bali kwenye mafaili yenyewe. Nikaitoa rekoda yangu mkobani, nikaziingiza rekodi zile kumi na moja upya, nikazifungua moja moja katika programu ya kuhariri sauti, nikasikiliza mwanzo na mwisho wa kila moja na kuihifadhi tena. Kazi hiyo ilinifikisha karibu saa sita.

"Daktari," Ami akasema akivaa kofia yake, "nafunga, naenda Ijumaa. Nikirudi saa nane utaendelea."

"Ami, leo saa kumi ndiyo mwisho."

"Kati ya saa nane na saa kumi zimo saa mbili. Hesabu hiyo hata mimi naiweza. Toka nje, mwanangu, unywe maji."

Nilikaa kwenye baraza ya jirani yake muuza mikeka kwa saa mbili, daftari mapajani, nikisahihisha jedwali langu. Safu ya utulivu niliifuta kabisa.

Saa nane Ami alirudi, akafungua, nami nikaigeukia programu ya tatu, ile yenye maswali. Niliiburutia mafaili kumi na moja. Ikaniuliza, kama nilivyotarajia: mafaili yenye majina haya tayari yapo upande wa pili, nifanye nini? Ikatoa majibu ya kuchagua. Niandike juu yake. Niandike juu yake iwapo lako ni jipya zaidi. Niandike juu yake iwapo ukubwa unatofautiana. Niendeleze lilipoishia. Niliruke.

Mtu mwingine angebonyeza jibu la kwanza na kwenda kunywa soda. Mimi nilisoma majibu yote mara nne. Kuandika juu bila kuuliza nilikuona kuwa ubabe. Kuendeleza lilipoishia kulikuwa na hatari, kwa sababu mafaili yangu nimeyahifadhi upya na mshono ungeweza usilingane. Jibu la pili lilinipendeza kwa hekima yake: jipya lishinde la zamani. Yaliyofika nusu yalifika saa nne asubuhi. Yangu nimeyahifadhi kuanzia saa tano. Hakuna mtahini duniani angelipinga hilo. Nikabonyeza.

Orodha yote ilikwisha kabla sijavuta pumzi. Nilitazama upande wa pili: ukubwa ule ule wa nusu. Nilitazama maandishi yale madogo ya juu, na programu ilikuwa imeandika kwa uaminifu wake wote, mara kumi na moja, kwamba faili limerukwa kwa kuwa lililoko kwako ni la zamani zaidi.

Nilirudia. Ikarudia. Nikaizima programu na kuiwasha. Nikaizima intaneti na kuiwasha. Nikaihifadhi rekodi moja upya, sekunde ile ile, nikaipeleka ikiwa bado ya moto, na programu ikaniambia kuwa ni ya zamani. Ilikuwa inakaribia saa tisa. Nikaanza kufikiri mambo ambayo sasa nayaona ya aibu: kwamba seva ya chuo imeniwekea alama, kwamba rekoda yangu ina ugonjwa, kwamba nirudi kwa kijiboti cha programu ya kwanza. Niliiweka kwenye daftari hoja ya kuiacha programu ya tatu kwa kuwa haijui kulinganisha, na nikaipigia mstari.

Ami alikuwa akikata picha za pasipoti. "Unaongea peke yako," akasema.

"Samahani, Ami. Nasoma ilichoandika. Inasema faili lililofika limeandikwa saa nne na dakika mbili asubuhi. Hilo ni kweli. Lakini hili la kwangu inasema limehifadhiwa saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri."

Mkasi ukasimama. "Alfajiri ya leo?"

"Ya leo."

"Humu dukani?"

"Kwenye kompyuta hii."

"Mwanangu, alfajiri mimi niko msikitini na mlango una makufuli mawili. Nani alikuwa humu?" Aliweka mkasi chini, akatazama dari, akatazama mlango wa nyuma, akahesabu kwa macho katoni za karatasi. Kisha akaja kusimama nyuma yangu. "Wapi imeandika hivyo? Nionyeshe."

Nilimwonyesha kwa kidole: 5:20.

Akavua miwani, akaivaa tena. "Hii si alfajiri. Hii ni saa tano na dakika ishirini. Ulikuwa umekaa hapo hapo, ukaniomba maji nikakupa."

"Ami, kompyuta ikiandika tano inamaanisha saa kumi na moja. Ni lazima tuongeze sita."

"Kompyuta za watu. Hii ya kwangu haiongezwi kitu." Akaigusa kona ya chini ya skrini kwa ukucha. "Sasa hivi saa ngapi?"

"Saa tisa na dakika tano."

"Soma hapo."

Nilisoma: 9:05. Nikaitoa simu yangu na kuiweka kando ya skrini. Simu ilisema 15:05. Tangu Jumatano nilikuwa nimeitazama saa ile ya kompyuta labda mara mia, nikaandika muda wake katika daftari langu la kitaaluma, na kila mara niliiona iko sawa, kwa sababu ilisema kile kile ambacho ningekisema mimi kama ungenisimamisha barabarani. Macho ya mtu wa kwetu yamezoea kutoa sita anapotazama simu, bila kumwomba ruhusa mwenye macho. Mahali ambapo hapakuwa na haja ya kutoa, hayakutoa, na hayakuniambia.

"Nani aliirudisha nyuma, Ami?"

"Mimi nilimwambia fundi. Kila karatasi ikitoka hapa ina saa pembeni. Mama mmoja kaja saa tatu, karatasi inasema tisa, akagoma kuipokea. Akaniambia saa tisa bado, nitampelekaje mtu barua ya saa ambayo haijafika? Nikaona ana haki. Fundi akairudisha nyuma saa sita, na akaizuia isijirekebishe yenyewe kwa mtandao, maana ilikuwa inajirudisha kwenye saa za watu."

"Na jioni? Baada ya magharibi ingesema saa kumi na tatu."

"Baada ya magharibi niko kwangu. Ikiwa peke yake iseme itakavyo."

Nilicheka, kwa mara ya kwanza wiki ile. Programu haikuwa na kosa lolote. Iliambiwa na kompyuta kwamba faili langu ni la 5:20, yaani saa kumi na moja alfajiri; iliambiwa na seva kwamba lile la upande wa pili liliandikwa baadaye, saa nne asubuhi; ikapima, ikakataa kuharibu jipya kwa la zamani, kisha ikaniandikia sababu. Ilifanya vile vile ambavyo ningefanya mimi. Nikaifuta ile hoja kwenye daftari, pamoja na mstari wake.

Mkono wangu ulikuwa tayari umeuelekeza mshale kwenye saa ya kona.

"Usiiguse," Ami akasema.

"Dakika tano tu, Ami, halafu nairudisha."

"Dakika tano hizo ndizo atakazoingia mtu. Hakuna njia nyingine hapo? Si ilikupa majibu matano ya kuchagua?"

Kweli ilikuwepo. Nilirudi kwenye yale majibu. Nikachagua lile la ukubwa unaotofautiana, kisha nikasita: vipi kama moja kati ya yale ya nusu, kwa bahati mbaya, lina ukubwa sawa na langu? Nikaanza kuhesabu uwezekano huo kwenye ukingo wa daftari. Ilikuwa saa tisa na robo.

"Daktari. Mafaili yako unayajua au huyajui?"

"Nayajua."

"Yaliyo kwako ndiyo mazima?"

"Ndiyo mazima. Nimeyasikiliza mwanzo na mwisho."

"Basi iambie iandike. Unaogopa kumkosea nani?"

Nikabonyeza jibu la kwanza, lile la kibabe, kwa yote kumi na moja.

Yakaanza kupanda. La kwanza, la pili, la tatu. Katika la saba intaneti ikakatika. Programu ikaandika kwamba njia imekatika. Ikaandika kwamba inasubiri. Ikaandika kwamba inajaribu tena. Ikajaribu, ikashindwa, ikaandika kwamba imeshindwa. Sijawahi kupendezwa na maneno mengi kiasi kile. Ami aliacha picha zake na kusimama mlangoni akiwa amekinyanyua juu kijisanduku kinachotuletea intaneti, mkono umenyooka kama mwenye kushika taa. Baada ya dakika nne njia ilirudi, na faili la saba likaendelea kutoka pale pale lilipokatikia, tarakimu kwa tarakimu. Mteja akaingia kutaka fotokopi, nami nilikuwa nimeinuka kumpisha, lakini Ami akamwambia akae kidogo, kuna mtu anafanya mtihani.

Saa kumi kasoro dakika kumi na tano, orodha ya yaliyoshindikana ilikuwa tupu. Nililinganisha ukubwa wa mafaili yote arobaini na tatu, si kumi na moja tu, kwa kalamu nyekundu. Yalilingana. Nilimtumia ujumbe msimamizi wangu chuoni, mama mmoja mwenye subira ambayo nimeitumia kupita kipimo, kumwambia kwamba naomba afungue lolote alipendalo na kulisikiliza hadi mwisho. Kisha nikakaa mikono ikiwa mapajani. Mteja wa fotokopi, aliyekuwa bado hajahudumiwa, aliniuliza kama nimefaulu. Nilimwambia tunasubiri majibu.

Simu ililia baada ya nusu saa hivi.

"Nimefungua ya kumi na tisa," msimamizi akasema bila salamu, jambo ambalo si kawaida yake. "Nimeisikiliza yote."

"Imefika mwisho, Mwalimu?"

"Imefika. Na nimefungua nyingine sita, zote zimefika. Nimeshamwandikia mwenyekiti wa jopo, Jumanne utaketi." Kisha akaongeza, "Lakini hii ya kumi na tisa. Mwishoni mzee anakuuliza, haya maneno ukishayachukua unayapeleka wapi, na huko nani atayasikiliza. Hujamjibu. Nimehesabu sekunde kumi na nne, halafu unazima."

Nilimkumbuka yule mzee, na kiti chake cha kamba, na jinsi nilivyojifanya nashughulika na kitufe cha rekoda.

"Nilikuwa nafikiri, Mwalimu."

"Najua. Sasa umeshamfikiria vya kutosha. Nani ameyasikiliza mpaka leo?"

Nilitaka kutoa jibu la kitaaluma, lenye neno jamii ndani yake. Badala yake nilihesabu kwa ukweli. "Watu wawili. Mimi, na sasa wewe."

"Watatu," akasema. "Niliweka sauti ya juu. Mwenzangu wa ofisi hii ameacha kusahihisha mitihani yake tangu saa ile, na anataka kujua mzee alimaanisha nini aliposema shamba lile limemnunia. Anasema kwao Songea shamba halinuni. Nakuweka spika, umweleze."

Nikavuta kiti. Nikasema kwamba kununa kwa shamba, kwa maelezo ya watu wa Miono, si sawa na kuchoka, kwa sababu shamba lililochoka hupumzishwa lakini lililonuna lazima kwanza mwenyewe atafute alichokosea. Na kwamba mzee yule alikuwa ameukata mti mmoja pembeni bila sababu ya maana, na mpaka siku ninamrekodi alikuwa bado anautaja. Sauti ya mtu nisiyemjua ikasema, "Ehe, endelea." Nikaendelea. Mteja akakaa juu ya katoni ya karatasi, na Ami akaizima mashine ya fotokopi ili isitie kelele.